Kusema "Mimi" Mahali pa Mwingine

Vijana wa ofisi ya ukalimani, mmeniomba niwaandikie miaka yangu ya kazi, mkanipa na daftari jipya lenye jalada gumu. Nashukuru, ingawa kumpa daftari mtu aliyestaafu ni kama kumpa jembe mtu uliyemfukuza shambani. Vyeo sitaviandika, maana vilikuwa vichache na havikunifundisha kitu. Nitaandika juu ya woga. Mimi ni mwoga tangu utotoni, na kazi hii iliniongezea mambo ya kuogopa ambayo nisingeyajua kama ningebaki na chaki yangu.

Nilianza na chaki. Shule ilikuwa Mangobo, hapa Kisangani, darasa la wanafunzi sabini na kitu, madirisha bila vioo. Siku ya kwanza mkuu wa shule alinikabidhi kitabu kimoja cha Kiingereza kilichokosa kurasa zake za mwanzo. "Bon, Prof," akasema, "débrouille-toi na hiki," yaani tafuta njia mwenyewe. Nikahangaika nacho hadi kikaisha kabisa. Kitu pekee nilichokipata pale kikadumu ni sauti. Kufundisha watu sabini chini ya bati wakati wa mvua kunampa mtu koo la kupigia mbiu, na hiyo sauti mtaiona ilinifanyia nini.

Kiswahili ni lugha yenye huruma. Neno moja, "alimwona", limembeba aliyeona, limebeba wakati uliopita na aliyeonwa, wote wamepanda pikipiki moja. Ukiongeza "mtoni" umemaliza. Kiingereza kinawashusha wote barabarani na kumtaka kila mmoja kitambulisho. Aliyeona ni mwanamume au mwanamke? Tendo limekwisha au bado? Na huko mtoni, ni ndani ya maji, juu ya maji, au ukingoni tu? "He saw her at the river." Maneno sita kwa kazi ambayo kwetu inafanywa na mawili. Wanafunzi wangu waliwaita mama zao "he", walisema "goed" pahali pa "went", na wengi waliketi ndani ya meza. Nilicheka nao. Sikujua bado kwamba vijineno hivyo vinaweza kumhatarisha mtu.

Baadaye shirika moja la wageni likafungua ofisi upande wa Makiso, katikati ya mji. Kazi yao ilikuwa kwenda vijijini kuwasikiliza watu wenye malalamiko dhidi ya makampuni ya mbao, kisha kuwaandikia wenye makampuni, huko ng'ambo, kwa Kiingereza. Walitafuta mkalimani, na mimi nilikuwa na suruali moja isiyo na kiraka. Nikachukuliwa.

Siku yangu ya kwanza alikuja mvuvi mmoja wa Isangi, papa wa watu, kama tunavyowaita baba zetu, mpole, ambaye magogo ya kampuni yalikuwa yamemkatia nyavu. Mikono niliificha chini ya meza. Kila alipofungua mdomo, mimi nilisema "he says", yeye anasema hivi, yeye anasema vile. Mwishoni nilijipongeza. Aliyeketi kando yangu kunipima alikuwa Mama Kavira, mkalimani mkongwe, binti wa wafanyabiashara wa vitenge wa Butembo. Kiingereza chake alikiokota Kampala akifuata mizigo ya baba yake, na kilikuwa safi kuliko changu cha shule. Alingoja mvuvi atoke, akagonga meza kwa kalamu.

"Théophile, ule papa alisema mimi. Wewe unasema yeye. Uko unafanya nini pale? Unamusaidia ama unamuchongea?"

"Mama, nilitaka ieleweke kwamba si mimi niliyekatiwa nyavu."

"Kila mutu anaona wewe hauko muvuvi, na ile tai yako. Akisema mimi, unasema mimi. Akilia, usilie, lakini unasema mimi. Umemuazima mdomo. Mdomo ya kuazima haina mwenyewe mpaka kazi inaisha."

Ndiye aliyenifundisha pia daftari la mistari mitatu. Kila ukurasa aliugawa kwa rula: mstari wa juu mtu, wa katikati tendo, wa chini mahali. Shahidi anapozungumza, huandiki sentensi, unajaza mistari. Ukiona mstari mmoja ni mtupu, unasimama na kuuliza kabla Kiingereza hakijakulazimisha kubuni. Mnalitumia hadi leo na mnafikiri limetoka Ulaya. Limetoka Butembo.

Nililidharau mara moja tu. Tulikuwa Basoko, mtu mmoja akatuambia walinzi wa kampuni walimpiga binamu yake wakamwacha mtoni. Mstari wa mahali niliujaza kwa haraka, nikasema "in the river", ndani ya mto. Mchunguzi wetu, mama mmoja wa kizungu wa makamo, akavua miwani, akaandika kwamba mtu ameuawa, na barua ikatumwa siku ileile. Kesho yake tulimkuta binamu ukingoni akiziba mtumbwi, jicho limevimba, mzima kabisa. Alikasirika kuliko marehemu yeyote niliyewahi kukutana naye. Nilipewa onyo la maandishi, nikalistahili. Usiku... hapana, usiku nililala vizuri. Nilidhani nimeshafanya kosa langu kubwa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana naona nazungukazunguka.

Kijiji sitakitaja. Ukifuata mto ni chini ya Yanonge, unafika kwa mashua yenye mota, na nyuma yake kuna msitu ambao kampuni moja ya mbao ilikuwa imeuzungushia walinzi. Mkuu wa walinzi, wote walimwita Komanda, ingawa hakuwa askari. Kijana mmoja, Faustin, alikuwa ameingia msituni asubuhi kuokota viwavi wa kula, na hakurudi. Watu watano walikubali kutuambia waliyoyajua. Wanne walikuwa wanaume. Wa tano alikuwa Mama Georgette, dada mkubwa wa Faustin, mwuza samaki wa moshi.

Tuliwaahidi kwamba hakuna atakayejua nani amesema nini. Chumba kilikuwa darasa la katekisimu, kuta za mbao, mlango wa mbele na mwingine wa nyuma unaotokea kwenye shamba la migomba. Mashahidi waliingia kwa nyuma, mmoja mmoja, bila mpango maalumu, na walinong'ona karibu na sikio langu. Mchunguzi wetu hakusikia vizuri upande wa kushoto, na kila baada ya dakika aliniomba nipaze sauti. Kwa hiyo mtu aliye nje aliweza kusikia kitu kimoja tu: sauti yangu ya darasani, kwa Kiingereza, ikisema "mimi, mimi, mimi". Hakuweza kujua ni ya nani. Wanaume wanne na mwanamke mmoja, wote walikuwa na sauti ya Théophile. Sasa mnaelewa kwa nini Mama Kavira aligonga meza. Ile sauti moja ilikuwa ndiyo pazia lao.

Asubuhi hiyo Komanda alikuwa amekuja ufukweni kutupokea, mkarimu, kapelo mkononi, mabuti meusi miguuni. Alimsalimu mchunguzi kwa Kiingereza kilichonyooka. Alisema alikaa Uganda miaka mingi akinunua magari. Nilitabasamu. Nilimnong'oneza mchunguzi kwamba huyu bwana anaelewa. Naye akamwomba Komanda kwa adabu abaki mbali na darasa, na Komanda akaahidi kwa adabu vilevile.

Wanaume wanne walipita salama. Mama Georgette aliingia wa mwisho, akakaa karibu nami hadi nikasikia harufu ya moshi ya samaki kwenye kitenge chake.

"Nilikuwa nyuma ya muti ya kuanguka," alinong'ona. "Bale balinzi batatu balimulalisha chini. Komanda yeye mwenyewe njo alimufunga mikono. Faustin aliniona, Prof. Aliniona na hakuniita, juu basinikamate na mimi."

Nilijaza mistari. Mtu, tendo, mahali, hakuna mtupu. Nikaanza. "I was behind a fallen tree." Nilikuwa nyuma ya mti ulioanguka. Nikaendelea. "I saw him." Nilimwona.

Hapo nikatazama ukutani. Kati ya ubao na ubao palikuwa na upenyo wa kidole, na katika upenyo huo niliona ngozi nyeusi ya buti. Lilikuwa limesimama kimya, karibu kiasi kwamba ningeweza kuligusa kwa kalamu.

Sikumfikiria Mama Georgette. Nataka mlisome hili polepole: sikumfikiria hata kidogo. Nilifikiri kwamba yule mtu anasikia sauti yangu ikisema nilimwona, nilimwona akimfunga, na sauti yangu anaijua, na uso wangu anaujua, na jioni nitapanda mashua kwenye mto ambao yeye ndiye mwenye ufukwe wake. Akili iliniambia kwamba hata mtoto anajua mkalimani hasemi ya kwake. Lakini woga haukusoma shule. Nikafungua mdomo nikasema, kwa sauti ileile ya watu sabini: "This woman says she saw him." Mama huyu anasema alimwona.

Buti likaondoka.

Mchunguzi aliinua macho, akanitazama, akaandika. Mama Georgette alinitazama pia. Nilikuwa nimesogeza kiti changu mbali naye bila kujua, nafasi ya mtu mmoja hivi. Nikamaliza maelezo yake yote kwa "she", kwa ufasaha, sikukosea kihusishi hata kimoja. Kama ingekuwa mtihani wa taifa ningepata alama zote.

Tulirudi mjini. Kwa siku tisa nilikula vizuri. Ya kumi, mchunguzi akaniita na kuniambia kwamba watu wamekwenda kijijini wakamuulizia mwanamke aliyezungumza na wazungu, wakafyeka mihogo yake yote na kuvunja majiko yake ya kukaushia samaki. Mwenyewe alikuwa amewahi kukimbia kwa mtumbwi. Yuko Kisangani kwa mdogo wake wa kike. "Sijui walijuaje," mchunguzi alisema. "Tulikuwa waangalifu sana." Nikamjibu kwamba hata mimi sijui.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Ni kweli, na ndiyo aibu yangu. Nyumbani kwangu wajukuu walikuwa wakicheka na lituma, ndizi za kupondwa, ilikuwa mezani. Kilio kilikwenda kwa Mama Georgette. Nilianza kuogopa vitu viwili kwa mpigo: nilimwogopa Komanda asinijie, na nilimwogopa mwuza samaki asije akaniuliza swali. Sokoni sikwenda tena. Nilipanda toleka kwenda ofisini, na nilimchagua mwenye baiskeli aliye mnene, ili anikinge. Mke wangu alidhani ni shinikizo la damu.

Nilimpigia simu Mama Kavira, aliyekuwa ameshastaafu na kurudi kwao Butembo. Nilimweleza yote.

"Ulishuka katika mutumbwi katikati ya maji," akasema, "ukamuachia mama wa watu peke yake. Sasa unanipigia mimi simu juu nikupe nini? Kitambaa ya kujipangusa?"

"Nifanye nini, mama?"

"Sijui, Théophile. Mimi niko muzee, niko na miguu ya kuvimba. Uliza mwenye mutumbwi."

Sikuuliza. Mama Georgette mwenyewe ndiye aliyekuja. Barua zetu zilikuwa zimefika ng'ambo, na wenye kampuni wakatuma mwakilishi aje Kisangani kusikiliza kwa masikio yake. Kikao kingekuwa cha mezani, pande zote mbili uso kwa uso, Komanda akiwemo. Mashahidi wanaume walikuwa wamejitoa wote baada ya kusikia habari ya mihogo, na siwalaumu. Alibaki Mama Georgette. Hakuwa na cha kuficha tena, wala mahali pa kurudi. Alisema atazungumza kwa sharti moja, kwamba mkalimani awe ule Prof wa safari ya kwanza.

Wakati huo tulikuwa na mkalimani mwingine, kijana mzuri, Kiingereza chake kama maji. Nilimwambia mchunguzi kwamba kifua kinanibana na yule kijana anafaa zaidi. Nilisema hivyo mara mbili. Mara ya tatu Mama Georgette alikuwa amesimama mlangoni na furushi lake, anasikiliza, na nikashindwa kusema.

Siku ya kikao nilivaa tai. Tulikaa upande mmoja wa meza ndefu, Mama Georgette na mimi, bega kwa bega. Komanda alikaa mbele yetu, kapelo magotini. Mwakilishi, bwana mmoja mwembamba mwenye mafua, akamwomba shahidi aanze.

"Mi niliona," alisema Mama Georgette, safari hii kwa sauti kubwa. "Nilikuwa nyuma ya muti ya kuanguka. Nilimuona. Alimufunga mudogo wangu mikono."

Komanda aligeuza macho kutoka kwake akayaleta kwangu, akangoja. Alijua nitakachofanya. Alikuwa amenisoma siku ile kupitia upenyo wa ukuta, akaniona mtu wa aina gani. Maji yalikuwa mbele yangu nikaogopa kuyachukua, nisije nikamwaga.

"I was behind a fallen tree," nilisema. "I saw him. He tied my brother's hands."

Nilimwona. Alimfunga mdogo wangu mikono. Na nilipofika kwenye neno "him" nilimtazama Komanda, kwa sababu Mama Georgette alikuwa anamtazama, na mdomo ulikuwa wake. Niliendelea hivyo saa nzima na robo. Nilikuwa nyuma ya mti. Nilijiziba mdomo kwa kitenge. Mdogo wangu aliniona, hakuniita. Nilisikia wakimburuta kuelekea kijito, nikabaki pale hadi jua likawa juu ya kichwa, kwa sababu niliogopa. Mwakilishi aliuliza kama ni karibu na kijito au ndani yake, nikamuuliza Mama Georgette, nikajibu kwa usahihi. Komanda hakumtazama yeye tena. Alikuwa akinitazama mimi, bila kupepesa, kama mtu anayekariri namba ya gari.

Mnataka kujua kilichofuata. Komanda aliondolewa kazini mwezi uleule. Hakuna aliyeweza kutuambia amekwenda wapi. Watu walikwenda na mwakilishi hadi kwenye kijito, wakatafuta siku tatu, wakapata sandali moja ya Faustin na kamba. Faustin hajapatikana. Mama Georgette anauza samaki hapa mjini sasa, na hazungumzi habari za kurudi kwao. Mimi nilistaafu mwaka huu. Pikipiki ikisimama mbele ya nyumba, naweka kikombe chini na kungoja nisikie ni sauti ya nani. Watu wazuri huniambia kwamba woga huo utaisha. Hauishi. Kwa hiyo sitawadanganya kwamba niliushinda, na msije mkanitaja kwenye mafunzo yenu kama shujaa. Nilichojifunza ni kidogo: ukishindwa kuvumilia, omba kikao kisimame, toka nje, tapika ukitaka. Lakini usimrudishie shahidi "yeye" wake akiwa katikati ya maneno.

Nimebakiza yaliyotokea uani. Baada ya kikao tulitoka kungoja gari, tukasimama kwenye kivuli cha ukuta, Mama Georgette akafungua kwanga lake, mkate wa muhogo, na kunikatia kipande. Sikuweza kukila. Nikamwambia kila kitu: buti, upenyo, sauti yangu, Kiingereza nilichosema, na kwamba mihogo yake ilifyekwa kwa mdomo wangu. Nilisema yote nikitazama vidole vyangu.

Alimaliza kutafuna kwanza.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje? Hujui Kiingereza, mama."

"Kiingereza, hapana. Lakini ulisogeza kiti."

Nikamuuliza kwa nini basi aliniomba mimi, na yule kijana yupo, hajawahi kumkosea.

"Ule mutoto Komanda hamujui," alisema. "Wewe anakujua. Nilitaka asikie mimi katika mdomo ya mutu anamujua." Akafunga kwanga lake vizuri, akaliweka ndani ya furushi. "Uko unatetemeka, Prof."

"Mi niko naogopa, mama. Atanitafuta na mimi."

"Bon," akasema, akasogea kunipa nafasi kivulini. "Sasa tuko babili."